Softiboli ya Wasichana wa Vyuo Vikuu Marekani: Mzazi Aielewe Vipi?



Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Juni, timu nane za wasichana wa vyuo vikuu hukutana katika mji wa Oklahoma City nchini Marekani kugombania ubingwa wa softiboli. Uwanja wake unachukua watu wapatao 13,000, na michezo huonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima. Siku hizi vipande vya michezo kama hii vinafika hadi kwenye simu za watoto wetu visiwani. Mtoto anaona shangwe na kombe. Mzazi anajiuliza: hawa wanasoma saa ngapi? Katika makala hii tunaeleza mashindano haya ni nini na yametoka wapi, kisha tulijibu suali hilo la mzazi, kwani ndilo lenye uzito kuliko kombe.

Mchezo wenyewe

Softiboli ni ndugu wa besiboli. Ulianza Chicago mwaka 1887, ukichezwa ndani ya ukumbi. Aliyepata kuiona kriketi hatapotea: mmoja anarusha mpira, mwengine anaupiga kwa gongo na kukimbia, na wenzake mrushaji wanajaribu kumtoa. Timu inayorusha huwa na wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji huzungusha mkono na kuuachia mpira kwa chini, usawa wa nyonga, kutoka umbali wa futi 43, yaani kama mita 13. Mpigaji hukimbia kuzunguka vituo vinne, na akivimaliza timu yake hupata pointi moja. Kila timu hupiga zamu saba, na zamu huisha wakitolewa wapigaji watatu.

Bingwa anapatikana vipi?

Huanza timu 64, zikagawiwa makundi 16 ya timu nne nne. Washindi 16 hupambanishwa wawili wawili, na anayeshinda michezo miwili kati ya mitatu ndiye anayekwenda Oklahoma City. Huko timu haitolewi kwa kushindwa mara moja. Hutolewa ikishindwa mara mbili. Timu mbili zinazobakia hucheza fainali, na ubingwa ni wa atakayetangulia kushinda michezo miwili. Chuo Kikuu cha Oklahoma kilichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, jambo ambalo hakuna chuo kilichowahi kulifanya kabla yake. Mwaka 2025 ubingwa ulikwenda Chuo Kikuu cha Texas, kwa mara yake ya kwanza.

Yametoka wapi?

Asili ya ukubwa wa mashindano haya ni sheria ya elimu. Mwezi Juni 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyokataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Sheria hiyo, maarufu kwa jina la Kifungu cha Tisa, haikutaja michezo hata kidogo. Lakini kwa kuwa michezo ni sehemu ya skuli na vyuo, ikabidi wasichana nao wapewe viwanja, walimu na ufadhili. Wakati huo wasichana waliocheza michezo katika skuli za sekondari nchini humo hawakufika 300,000. Leo wanazidi milioni tatu. Mwaka 1982 NCAA, jumuiya inayosimamia michezo ya vyuo, ilifanya ubingwa wake wa kwanza wa softiboli mjini Omaha, na UCLA wakashinda.

Na masomo je?

Hapa ndipo mzazi atulie asome vizuri. Kwa daraja la juu la michezo ya vyuo, msichana hachezi mpaka awe amemaliza masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Akishaingia chuoni, hesabu haisimami: mwisho wa mwaka wa pili awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, wa tatu asilimia 60, wa nne asilimia 80. Asipofika hapo, haruhusiwi kucheza, hata kama ni mrushaji bora kuliko wote.

Ufadhili nao mara nyingi haukuwa kamili. Kwa miaka mingi kila timu ya softiboli iliruhusiwa kutoa thamani ya ufadhili kamili wa wanafunzi 12 tu, nao ukigawanywa kwa wasichana wengi zaidi. Tangu 2025, vyuo vilivyoingia katika mpango mpya vinaweza kuwafadhili wachezaji wote, mradi timu isizidi 25. Na tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake. NiJaree Canady alipohamia Texas Tech mwaka 2024, mkataba wake wa namna hiyo ulizidi dola milioni moja.

Lakini tazama kilichotokea. Katika mchezo wa kwanza wa fainali ya 2025, timu yake ikiongoza 1–0, Canady alitakiwa arushe mipira mbali kwa makusudi ili mpigaji hatari, Reese Atwood, apewe kituo cha kwanza bila kupiga. Mpira mmoja ukapita karibu mno. Atwood akaupiga, wakaingia wawili, Texas wakashinda 2–1. Mchezo ni riziki isiyotabirika, na wanaofikia mkataba kama ule ni wachache sana. Walio wengi huondoka chuoni na kitu kimoja cha kudumu, nacho ni shahada.

Mfano wa dada yetu

Ibtihaj Muhammad, Mmarekani Muislamu, hakucheza softiboli. Alicheza mchezo wa vitara. Familia yake iliupenda kwa sababu vazi lake linasitiri mwili. Aliuchezea Chuo Kikuu cha Duke, akamaliza shahada yake, na mwaka 2016 akawa Mmarekani wa kwanza kushiriki Olimpiki akiwa na hijabu, akarudi na medali ya shaba. Wazee wake waliangalia stara kwanza, kisha mchezo, na masomo hayakuachwa nyuma.

Mzazi aulize nini?

Hukumu ya kila mchezo na mazingira yake tunawaachia masheikh wetu, na kila mzazi amuulize anayemuamini kwa elimu yake. Ila ikitokea binti yako akaahidiwa ufadhili wa michezo, popote pale, usikubali ahadi ya mdomo. Uliza kwa maandishi: Ufadhili ni kamili au sehemu tu? Ni wa mwaka mmoja au mpaka amalize? Akiumia, utaendelea? Vazi la stara linaruhusiwa? Swala za safarini na mazoezi ya Ramadhani yatapangwa vipi? Anayemtakia mwanao kheri hataona uzito kuyajibu.