Mwenzi Kabla ya Njia

Wahenga wa pwani, waliojifunza safari kwa majahazi na kwa misafara, walituachia usia wa maneno machache: tafuta mwenzi kabla ya njia. Usia huo ulivuka maziwa na misitu pamoja na lugha yenyewe, na leo mtu atakaye kuona jinsi unavyotekelezwa na watu ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari, na afike Saio, mtaa mmojawapo wa mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo. Huko vijana waendeshao pikipiki hukusanyika siku ya mapumziko ili wasafiri pamoja, bila abiria, bila mzigo wala ujira, katika njia za vumbi ziteremkazo kuelekea Ziwa Albert. Muradi wangu katika makala haya ni kueleza kaida za safari hizo, kwani naamini kwamba ndani yake mna elimu ya ujirani ambayo nchi ile inaihitaji kuliko dhahabu yake.

Siku za juma pikipiki ni jembe la mjini. Motari, maana ndivyo waitwavyo wenye kazi hiyo, huamka kabla ya jua na kushinda barabarani akimpakia mwanafunzi, mama wa sokoni na beseni lake la nyanya, mgonjwa anayeshikiliwa na ndugu yake asianguke, magunia ya makaa, godoro, hata mbuzi. Aghalabu chombo si mali yake: amekabidhiwa na mwenyewe kwa sharti la kumpelekea kila jioni fungu walilokubaliana, na kinachosalia baada ya kununua esansi, kama wenyeji waiitavyo petroli, ndicho riziki ya nyumba. Pikipiki za Boxer na TVS, ambazo ndizo nyingi machoni, zimeundwa Bara Hindi, na nyingi zimeshushwa bandarini Mombasa, zikakata Kenya na Uganda hadi zikaingia Ituri kwa mpaka wa Mahagi au wa Aru. Basi Jumapili inapowadia, misa na ibada zikiisha, kijana yule aliyetumwa juma zima na kila aliyenyoosha mkono hupata saa chache za kwenda atakako mwenyewe, na katika saa hizo hachagui kwenda peke yake.

Msomaji aliyezoea habari za majangwa na ajue kwamba Ituri haina jangwa la mchanga. Magharibi yake kuna msitu mkubwa, kati kuna vilima vya majani, na Bunia wenyewe umekaa juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,275 toka usawa wa bahari, penye hewa ya baridi asubuhi. Lakini mashariki ya mji ardhi hupasuka ghafula katika Bonde la Ufa, na maji ya Ziwa Albert yamelala chini kabisa, kwenye mita 620 hivi, joto likiwa kali na mvua ikiwa haba kuliko mlimani. Miezi ya Disemba hadi Februari, kiangazi kikishika, nyasi za bondeni hukauka, ng'ombe hufuata maji kandokando ya ziwa, na udongo mwekundu wa barabara hugeuka unga unaoingia masikioni, puani na katika kila tundu la mtambo. Njia ya Bunia kwenda Bogoro ni kama kilomita 25. Kutoka hapo huanza mteremko wa ukingo wa bonde hadi Kasenyi, mji wa wavuvi, safari nzima ikiwa yapata kilomita 55. Hiyo ndiyo njia ambayo vijana wa Saio huitamani, nami sioni ajabu, kwani mtu akifika penye ukingo na kuliona ziwa lote mbele yake, na milima ya Uganda ng'ambo, hufahamu kwa nini waliomtangulia walisimama hapo hapo kustaajabu.

Na waliowatangulia walikuwapo, tena wasemao lugha hii hii. Mwaka 1887 mpelelezi Henry Morton Stanley aliajiri Unguja zaidi ya watu 600, akawazungusha kwa bahari hadi mlango wa mto Kongo, wakapanda mto, kisha sehemu yao wakauingia msitu wa Ituri, ambamo njaa na maradhi viliwaua wengi wao. Waliookoka humo walitokea penye nyasi mapema Disemba, na tarehe 13 ya mwezi huo wakafika kwenye ukingo wa Ziwa Albert. Kabla yao na baada yao waungwana wa misafara ya pembe walifika sehemu hizo, na hatuna budi kukiri kwamba pamoja na lugha walileta bunduki na utumwa. Hata hivyo taratibu za msafara wenyewe, yaani kuwa na kirangozi wa mbele ajuaye njia, kuwa na mnyapara wa nyuma ahakikishaye kwamba hakuna aliyeachwa, na kugawana maji na chakula kituoni, ni hekima ya kila safari ndefu, na ndizo nizionazo leo katika Saio zikiwa zimevuliwa dhuluma ya zamani.

Kwanza ni habari ya kuchagua wenzi. Anayetaka kuingia katika msafara haulizwi kabila wala dini. Huulizwa ni nani anayemjua, na huyo aliyemleta ndiye dhamana yake. Akiendesha kwa fujo au akimtupa mwenziwe njiani, aibu humrudia mdhamini kabla ya kumfika yeye. Mkubwa kwa umri au kwa ujuzi huitwa yaya, kama mtu amwitavyo ndugu yake aliyemtangulia kuzaliwa, na neno lake njiani husikilizwa. Yeye ndiye anayekagua minyororo, breki na taa kabla ya kuondoka, na akimwambia kijana kwamba tairi lako limekwisha, leo kaa nyumbani, kijana hukaa, japo moyo wamwuma.

La pili ni kuuliza njia. Katika nchi ambayo amani yake huja na kwenda, hakuna aondokaye kwa kutegemea habari za jana. Dereva wa lori aliyetoka Kasenyi alfajiri huendewa kwa heshima, akaulizwa: “Njia iko namna gani?” Naye hutoa habari kwa ukamilifu, kwa sababu anajua kesho atauliza yeye: “Njia iko muzuri mpaka Bogoro, kule chini, polepole.” Vizuizi vya askari vikiwa vingi, au tetesi za watu wenye silaha zikisikika, safari huahirishwa bila mjadala, na hakuna adhihakiwaye kwa woga. Hadhari hiyo ni sehemu ya adabu.

Safari ikianza, yaya hutangulia na aliye hodari wa ufundi hushika nyuma, kila mmoja akiacha nafasi ya kutosha vumbi la aliye mbele lipate kutua. Kijijini mwendo hupunguzwa, kwa minajili ya watoto na mbuzi. Penye matanga injini hunyamaza au hupita kwa sauti ya chini kabisa. Kwenye mteremko wa ziwa, ambapo breki pekee hazitoshi, gia hushushwa hadi ya chini, mtambo ukajizuia wenyewe, nao vijana huteremka mmoja baada ya mwingine bila kupitana. Mwenda pole hajikwai, nao waijua mithali hiyo kwa magoti yao.

Lakini mtu asiyepata kuona pancha ikizibwa kando ya njia ile hajaujua murua wa msafara. Aliye nyuma hupiga honi mara tatu, na wote walio mbele husimama. Pikipiki husimamishwa kivulini kama kivuli kipo. Mmoja hufungua gurudumu na kutia nati zote ndani ya kofia yake, maana zikianguka katika vumbi lile hazionekani tena. Mwingine kwa vyuma viwili hung'oa tairi, akauvuta mpira wa ndani, akaujaza pumzi kidogo na kuupitisha taratibu karibu na shavu lake, kwa kuwa ngozi ya shavu husikia upepo mwembamba ambao sikio halisikii. Tundu likipatikana huwekewa kidole, pakasuguliwa kwa msasa, pakapakwa gundi, na wote wakangoja, kwa sababu gundi mbichi haishiki na haraka hapo ni hasara. Kiraka, kilichokatwa katika mpira mkuukuu, hubandikwa na kugongwa kwa jiwe laini. Muda huo wote hapana amlaumuye mwenye pancha kwamba hakununua mpira mpya, wala hapana atajaye gharama. Zamu ya kuharibikiwa, wasema, humzungukia kila mtu. Nimeona watu wenye elimu kubwa wakishindwa kusaidiana kwa ukimya na upole wa namna ile.

Huko Kasenyi hununuliwa samaki, sangara ambaye huko huitwa kapitene, au aliyekaushwa kwa chumvi wa kupelekwa nyumbani, na mama mwuzaji huamkiwa vizuri kabla ya kuulizwa bei. Bugari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, huandaliwa katika sahani chache, mikono ikanawishwa kwa zamu, wakala pamoja. Kila mmoja hutoa mchango kwa kadiri yake, na fedha hukusanywa na yaya mkononi bila kuhesabiwa mbele ya watu, ili yule aliyekuwa na juma baya asitahayari.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Bogoro, ambapo msafara hupita, ni mahali palipomwagwa damu nyingi ya raia tarehe 24 Februari 2003, na kwa ajili ya siku hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu kiongozi wa wanamgambo Germain Katanga kifungo cha miaka 12 mnamo mwaka 2014. Katika vita vya Ituri, vilivyowaka tangu 1999, Bunia wenyewe uligawanyika mtaa kwa mtaa na kabila kwa kabila, Mhema akiogopa kuvuka kwa Mlendu, na Mlendu akiogopa kuvuka kwa Mhema, hata majeshi ya Ulaya yakaletwa Juni 2003 kuunusuru mji. Machafuko yalirejea katika eneo la Djugu mwishoni mwa 2017, na tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo likatiwa chini ya utawala wa kijeshi. Vijana waendeshao leo ni watoto wa miaka hiyo. Mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba jirani yake ni hatari, kisha akamwona jirani huyo huyo amepiga magoti katika vumbi la Bogoro akimzibia mpira, amepata hoja ambayo hotuba za wakubwa haziwezi kumpa wala kumwondolea.

Udugu huo hauishii njiani. Motari akioa, wenziwe humsindikiza kwa honi. Akifa, pikipiki hufungwa matawi mabichi ya miti na msafara mrefu humpeleka makaburini, kirangozi mbele na mnyapara nyuma, kama ilivyokuwa siku ya kwenda ziwani.

Siwaficheni aibu zilizomo. Wako wanaoenda kwa mashindano, wanaorudi wamelewa, wasiovaa kofia ya chuma na kuidhania mzigo, na makaburi yanawashuhudia. Mashindano yana mahali pake: Mfaransa Thierry Sabine, baada ya kupotea jangwani na pikipiki yake mwaka 1977 na kuokolewa akiwa taabani, alianzisha mashindano ya Paris hadi Dakar, yaliyoanza tarehe 26 Disemba 1978, na ulimwengu ukayashangilia. Lakini yeye alikaribia kufa kwa sababu alikuwa peke yake, na mashindano humfundisha mtu kumwacha nyuma aliye naye. Msafara wa Saio hufundisha kinyume chake, na kwa nchi iliyojeruhiwa, funzo hilo ndilo lenye manufaa.

Kwa hiyo nawasihi wazee wa mitaa, viongozi wa vyama vya motari na wahubiri wa dini zote wasiwatazame vijana hawa kama wahuni wa vumbi. Wawahimize kofia, wawakataze pombe, wawasaidie kupata habari sahihi za njia. Kisha wawaache waende. Kijana mgeni anayeingia mtaani leo na pikipiki ya kukabidhiwa afundishwe kaida hizi kabla ya kufundishwa njia za mkato, ajue nani atamsubiri na nani imempasa kumsubiri. Barabara za Ituri zitatengenezwa siku serikali itakapojaliwa uwezo. Watu wa kusafiri pamoja juu yake hawana budi kutengenezwa tangu sasa, na Saio umekwisha kuianza kazi hiyo.