Mafunzo ya usawa yaanzie kwenye karyere, si kwenye hoteli



Siku moja, kwenye karyere moja ya dhahabu hapa Walungu, tuliona jambo lenye lilitupa haya. Asubuhi mapema habari ilipita: jeep ya shirika moja la kimataifa inapanda toka Bukavu. Wageni wanakuja kuangalia mambo ya jenre, ni kusema usawa wa wanaume na wanawake. Kiongozi mmoja wa koperative akapiga filimbi, akasema bamama wote watoke. Wenye kutwanga mawe wakaacha vinu na michi ya chuma. Wenye kubeba wakatua mizigo. Mama wa bugali akafunika sufuria yake na kuivuta nyuma ya migomba. Wageni walipofika walikuta wanaume watupu. Wakaandika kwenye karatasi zao, wakapiga picha, wakashuka.

Bamama walirudi saa tisa. Siku ilikuwa imekwisha, makuta hakuna. Mama mmoja mwenye watoto watano akatuuliza: «Munisaidiye nielewe. Bale batu banakuya juu ya haki yangu, na njo miye banafukuza?»

Sisi wa sendika hatukuwa na jibu siku ile. Leo tunaandika juu ya swali lake.

Sababu ya filimbi ile ni hii. Karyere zetu zinapimwa na kupewa rangi: kijani, manjano ao nyekundu. Karyere ikiwa nyekundu, mali yake haiwezi kuuzwa kwa njia ya halali. Kati ya mambo yenye yanaangaliwa, kuna hili: watoto wasitumike kwenye karyere, na wanawake wenye mimba pia wasitumike. Kanuni ina nia njema. Vumbi la mawe na mizigo mizito si kitu cha kuchezea mtu mwenye kubeba mtoto tumboni. Lakini njiani, toka kwenye karatasi mpaka kwenye mlima, kanuni ilikatwa vipande. «Wanawake wenye mimba» ikabaki «wanawake». Kiongozi mwenye kuogopa rangi nyekundu anaona ni rahisi kufukuza wote kuliko kuuliza nani ana mimba na nani hana. Tuongeze ile imani ya wazee, ya kwamba mwanamuke akikaribia shimo dhahabu inakimbia, na filimbi inapata nguvu mara mbili.

Sheria ya inchi haisemi vile. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 14, inaagiza serikali kuondoa kila ubaguzi juu ya mwanamuke. Code minier ya 2002, yenye ilirekebishwa mwaka 2018, inasema mchimbaji mdogo awe mtu mzima, raia wa Kongo, na awe ndani ya koperative. Haisemi awe mwanaume. Na sheria ya tarehe 1 mwezi wa munane 2015 juu ya haki za mwanamuke na usawa iko wazi. Mama mwenye kutwanga mawe hajaiba kitu. Yuko kwenye kazi yake.

Basi, wakati kidogo kisha jambo lile, shirika moja la kimataifa lilituita Bukavu. Walikuwa wanatayarisha mafunzo ya jenre kwa wafanyakazi wao wenyewe, wale wenye wanapanda huku kwetu. Walitaka sendika isome karatasi zao na kutoa mawazo. Tulifurahi. Tulienda watu watatu, tukakaa ndani ya chumba kizuri cha hoteli, tukapewa maji na kalamu.

Karatasi zilikuwa nyingi, zote kwa Kifaransa. Kulikuwa maelezo ya neno jenre. Kulikuwa picha ya bwana anayechota maji na bibi anayesoma gazeti. Kulikuwa azimio 1325 la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000, lenye linataka wanawake wawe kwenye meza ya amani. Yote ni mazuri. Lakini tulitafuta kinu, hatukukiona. Tulitafuta mchanga wa kuosha, hatukuuona. Mambo ya bei, ya mizani, ya deni la mama kwa PDG wa shimo, hakuna hata mstari. Mtu angemaliza mafunzo yale, apande Walungu, na bado asijue kwamba kuna filimbi.

Tulipoanza kulalamika, mfanyakazi mmoja wa shirika, binti wa Bukavu, akainua mkono. Akasema: «Na nyie wa sendika, mko watatu, wote wanaume. Mama wa kinu yuko wapi?» Tulinyamaza. Alisema kweli. Kisha akaongeza jambo lake mwenyewe: akifika kwenye karyere, viongozi wanasalimia kwanza shofere wake na kumueleza yeye mambo yote, juu shofere ni mwanaume. Na ndani ya biro, akitoa wazo, linasikiwa tu wakati mwanaume mwengine analirudilia.

Siku ile tulielewa mambo mawili. La kwanza, mafunzo haya si ya kwenda kufundisha wanakijiji peke yao. Yanaanza na biro yenyewe. OIT, shirika la kazi la dunia, mahali serikali, wakubwa wa kazi na sendika wanakaa meza moja tangu 1919, ilianza mwaka 2001 kujipima yenyewe kwa mambo ya jenre. Wafanyakazi wake walikaa na kuulizana: nani anaamua hapa, nani anasikiwa, kazi yetu inasaidia nani? Hiyo ni njia nzuri. Mtu hawezi kufundisha jirani kufagia wakati nyumba yake ina taka. La pili, sendika nayo ina taka zake.

Tuliomba shirika jambo moja: kabla ya kumaliza karatasi, waje siku mbili kwenye karyere, wakae na bamama wenyewe. Walikubali. Tulikaa chini ya muti, kisha kazi, na tukasema kwa Mashi. Yenye bamama walisema tunayaweka hapa, juu shirika lolote lenye kutayarisha mafunzo ya watu wake lipate kuyasoma.

Kwanza, saa. Mkutano wa saa ine asubuhi unaua siku ya mama. Mwanaume wa shimo anaweza kuachia ndugu yake zamu. Mama wa kinu analipwa kwa mawe yenye ametwanga. Asipotwanga, jioni watoto wanalala njaa. Mfanyakazi wa shirika afundishwe kupanga mkutano kisha saa tisa, ao kulipa ile siku yenye amechukua.

Pili, luga. Mama anajua mambo yake kwa Mashi. Ukimuuliza kwa Kifaransa, chef njo atajibu mahali pake. Ukimuuliza mbele ya PDG mwenye kumupa mawe, atasema «hakuna shida» hata kama shida iko. Lazima mtu ajifunze kuuliza pembeni, na kwa luga yenye mama anaota nayo.

Tatu, maswali yenyewe. Wageni wanauliza: wanawake wako hapa? Jibu linakuwa ndiyo ao hapana, na karatasi inafungwa. Wafundishwe kuuliza hivi: nani anabeba, nani anatwanga, nani anaosha? Kopo la kupimia ni la nani? Mizani ni ya nani? Nani anasaini kwenye koperative? Nani anashika makuta jioni? Hapo mambo yanaonekana. Tuliuliza hivi sisi wenyewe na tukasikia kwamba kopo la kupimia mawe ya bamama limegongwa chini likaingia ndani. Kila kopo likijazwa, mama anapunjwa kiganja kizima. Miaka yote ile tulikuwa tunapita mbele ya kopo lile.

Ine, vidonda vya vita. Walungu imeona mateso makali. Dunia nzima inajua, na daktari Mukwege wa Panzi alipewa Nobel mwaka 2018 juu ya kazi yake ya kutunza wanawake wenye walibakwa. Lakini bibi mmoja mzee alitushika mkono na kusema: «Kila mugeni anauliza vile banatutesaka. Hakuna mwenye anauliza bei ya muchanga.» Mafunzo yafundishe mtu kutofungua kidonda cha mwenzake juu tu ya kujaza ripoti. Mwenye anahitaji daktari aelekezwe kwa daktari. Kisha aulizwe juu ya kazi yake, kama mtumikaji mwengine yeyote.

Tano, na hili ni zito. Mama mmoja aliuliza: «Na kama mutu wa jeep njo mwenye ananitaka kwa nguvu, nitamushitaki kwa nani?» Si swali la bure. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, wanawake waliambiwa: lala na miye, utapata kazi. Tume ya uchunguzi ilitoa ripoti yake mwezi wa kenda 2021. Ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa watu wa OMS. Walikuja kuokoa maisha, na kulikuwa kanuni tangu zamani za kukataza mambo yale. Kwa hiyo karatasi peke yake haimulindi mama. Mafunzo yaseme wazi kwa kila mfanyakazi, tangu mkubwa mpaka shofere, kwamba kazi ya shirika haiuzwi kwa mwili wa mtu. Na mama ajue, kabla jeep haijafika, jina la ofisi yenye atapeleka malalamiko, na kwamba mwenye kupokea si rafiki wa yule mtuhumiwa.

Sasa tuseme juu yetu. Kamati yetu ya sendika ilikuwa ya watu saba, wanaume saba. Tulikuwa tunasema «wachimbaji wote» na kuhesabu wanaume tu. Kisha siku ile ya Bukavu tulibishana sana. Mmoja wetu alisema bamama hawashuki shimoni, basi si wachimbaji. Mwengine akamujibu: jiwe lenye halijatwangwa lina bei gani? Hakuna aliyepata la kusema. Leo bamama wawili wako ndani ya kamati, na mmoja njo anashika sanduku la makuta. Kitu cha kwanza walifanya ni kuomba kopo lipya, lenye halina bonde, na lile la zamani likatobolewa mbele ya watu. Kuna PDG alikasirika, akasema tutaharibu kazi. Kazi iko, mashimo iko, na yeye bado iko.

Filimbi je? Kwenye karyere ile, mara ya mwisho jeep ilipopanda, bamama walibaki. Wageni walikuta vinu vinalia. Waliandika kile waliona, na hakuna mtu alileta rangi nyekundu juu ya mama kufanya kazi yake.

Lakini hatutadanganya wasomaji. Jambo la wenye mimba halijaisha. Mwanamuke wa biro akiwa na mimba, Code du travail ya 2002 inamupa majuma 14 ya kupumzika, na bado anapokea sehemu kubwa ya mushahara wake. Mama wa karyere anapewa nini? Anapewa filimbi. Hana kontra, hana mushahara, na mtoto anakuja vilevile. Ndiyo maana wengine wanafunga kitambaa kwa nguvu ili tumbo lisionekane, wanaendelea kutwanga. Kanuni yenye ilitaka kuwalinda imewafundisha kujificha.

Tumeomba koperative wafanye hivi: mama mwenye mimba aondoke kwenye vumbi na mizigo, lakini abaki na kazi. Ashike daftari la mawe, asimamie kopo, auze chakula mbali na mashimo. Na kila kundi liweke akiba kidogo kila juma, juu ya siku za kuzaa. Koperative moja imekubali daftari, akiba bado. Zingine zinasema tungoje. Kwa mashirika yenye kufanya mafunzo, tunaomba jambo hili liwe somo lenye kusimama peke yake: mukiona mama mwenye mimba kwenye karyere, musiulize tu kwa nini yuko pale. Muulize pia, akitoka, atakula nini.

Bapapa, mwenye bibi yake anatwanga, amuulize leo jioni kopo lake liko namna gani. Bamama, jeep ikipanda na filimbi ikilia, mubaki mahali penu, mutume mtoto aite mtu wa kamati. Tutakuja, na safari hii hatutakuja wanaume watupu.