Nani katoboa kichuguu? Angalia kiwiko

Ukipita porini upande wa Mofu ukakuta kichuguu kimetobolewa usiku, wa kumshuku kwanza ni muhanga, halafu kakakuona. Wote wanakula mchwa na sisimizi, wote wana kucha nene. Lakini si ndugu! Muhanga yuko karibu na tembo na pimbi; kakakuona yuko karibu zaidi na simba. Zamani wanasayansi waliwaweka kundi moja na armadilo na slothi wa Amerika, ati kwa kuwa hawana meno ya mbele.

Sasa shika kiwiko chako. Ile ncha ngumu ndipo inaposhika misuli ya nyuma ya mkono wa juu. Ikivuta, mkono unanyooka. Kwa wachimbaji ncha hiyo ni ndefu, na kutoka kiwiko hadi kucha ni pafupi. Ni wenzo uleule wa fizikia ya shule: unapoteza kasi, unapata nguvu. Swala kafanya kinyume, maana yeye ni wa mbio. Armadilo naye ana ncha ndefu, ingawa ndugu yake ni slothi, ambaye ncha yake ni fupi. Slothi ananing'inia mitini, kwa hiyo anategemea misuli ya kukunja mkono.

Yaani mkono unakuonyesha kazi ya mnyama, ukoo wake unaweza kuufichwa.

Nguvu zote hizo hazimsaidii kakakuona mbele ya mtu. Akitishwa anajikunja kama mpira, anabebwa tu. Na magamba anayowindiwa ni keratini, kitu kilekile cha kucha zako. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya spishi zake zote nane imepigwa marufuku.