Bundi wa Sokoke: Mpige Picha Akiwa Amelala

Wageni wanaofika Kilifi na kamera zao huulizia ndege mmoja kuliko wengine: bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18, uzito gramu 50 hivi. Alielezwa kisayansi mwaka 1966, na nje ya msitu huu anajulikana pia kwenye misitu ya nyanda za chini za Usambara Mashariki, Tanzania. Yumo hatarini kutoweka.

Kumpata ni kazi ya wenyeji. Hukaa upande wa msitu wenye udongo mwekundu, na mchana hulala kwenye vichaka vilivyosongamana, si juu sana, mara nyingi dume na jike bega kwa bega. Kuna wa kijivu, kuna wa hudhurungi, kuna wa rangi ya kutu. Wote hufanana na majani makavu. Waelekezi wa msitu huwajua kwa milio yao na kwa vichaka wanavyopenda kurudia. Bila wao utampita hatua mbili tu usimwone.

Shida huanza akishaonekana. Mpiga picha anataka macho ya manjano yaliyofumbuka, basi atakohoa, atavunja kitawi kinachomziba, atasogea. Mimi napinga jambo hilo kabisa. Bundi anayejinyoosha akawa mwembamba, masikio yake ya manyoya yamesimama, hakupi pozi. Ameogopa na anajificha. Hapo rudi nyuma, polepole. Picha ya bundi aliyelala, hata jani likimkata kifua, ina ukweli mwingi kuliko ya bundi aliyeshtuliwa.

Kuwachezea milio iliyorekodiwa ni vibaya zaidi. Ndege hudhani mwenzake amevamia eneo lake, huacha kuwinda wadudu, hujitokeza kumkabili adui asiyekuwepo. Kundi la leo likifanya hivyo, la kesho nalo likafanya, atakula saa ngapi? Flashi iache mfukoni. Lenzi ndefu na subira vinatosha. Mwelekezi akisema muda umekwisha, umekwisha, hata kama umelipa.

Kisha kuna simu. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake mahali hasa zilipopigwa, na kichaka kikishajulikana mtandaoni hakina tena mlinzi. Zima huduma ya kuonyesha mahali kabla ya kuingia msituni. Chini ya picha andika Arabuko-Sokoke, basi.