Kuinua pikapu ya zamani Simiyu: faida iko kwenye springi, si kwenye urefu

MFANYABIASHARA wa Bariadi anayetaka kuinua pikapu yake ya zamani kwa springi na shokapu mpya anapaswa kujua jambo moja kabla ya kutoa fedha: urefu hauongezi uwezo wa gari kubeba hata kilo moja. Seti ya kuinulia gari inaweza kurudisha gharama yake, na inaweza pia kuwa mtaji uliozikwa chini ya chasisi. Linaloamua ni njia gari linakopita, miezi linayofanya kazi na aina ya mzigo.

Pikapu ni chombo cha biashara katika mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza. Tangu ununuzi wa pamba ulipofunguliwa kwa kampuni binafsi katikati ya miaka ya 1990, magari madogo yamekuwa yakifika pale ambapo lori haliingii. Hata baada ya ununuzi kupelekwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, kazi ya kusomba mbegu, dawa, dengu, mpunga na bidhaa za duka haijaisha.

Kiangazi na masika

Msimu wa kununua pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei au Juni, mvua zikiwa zimekwisha au zinaelekea kwisha. Wakati huo njia nyingi za vijijini ni kavu. Barabara kuu kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi nayo ni ya lami. Mwenye pikapu anayefanya kazi miezi hiyo tu, na kwenye njia hizo tu, hana sababu kubwa ya kuinua gari. Anachohitaji ni springi nzima za kimo cha kiwandani, bushi mpya na shokapu zinazofanya kazi.

Hali ni tofauti kwa anayepeleka mbegu na dawa Novemba na Desemba, au anayefuata minada wakati wa mvua huko Itilima na Meatu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata kwenye matairi na kuacha mifereji mirefu. Makorongo nayo huchimbika kingo. Huyo ndiye mteja halisi wa seti ya kuinulia gari, mradi aelewe anachonunua.

Difu haipandi

Katika pikapu yenye ekseli ngumu, kitu kinachoning'inia chini kabisa ni difu. Springi mpya huinua chasisi, bodi, tanki la mafuta na bampa. Difu hubaki palepale kwa sababu imo kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na matairi. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka.

Hesabu yake ni hii. Tairi ya 205R16 ina kipenyo cha milimita 742 hivi, na ya 235/85R16 ina milimita 806 hivi. Tofauti ni milimita 64, hivyo difu hupanda milimita 32. Kwa faida hiyo mwenye gari hulipa namna nyingine: gari huwa zito kuondoka, na kipimo cha mwendo hudanganya kwa karibu asilimia 9. Kikionyesha 80 huku giabox na difu ni zile zile, gari linakimbia karibu 87.

Basi springi ndefu zina kazi gani? Hutoa nafasi ya tairi hiyo kubwa, huzuia bampa kugonga ukingo wa korongo na huongeza nafasi kati ya chasisi na kingo za mifereji. Kwa kazi ya biashara inchi 2, yaani milimita 50, zinatosha. Zaidi ya hapo gharama ya sehemu nyingine huanza kupanda.

Mzigo mwepesi, mzigo mzito

Pamba mbegu ni nyepesi na inajaza nafasi. Bodi hufurika kabla uzito haujafika kikomo, na desturi ya wengi ni kuipandisha juu ya kabini. Pikapu iliyoinuliwa na yenye mzigo wa namna hiyo hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona au kwenye ukingo wa barabara uliomomonyoka. Kwa pamba, kila inchi ya kimo ni hatari ya ziada.

Dengu na mpunga ni kinyume chake. Gunia 10 za kilo 100 ni tani 1 kamili, na kwa pikapu nyingi za aina ya Hilux hicho ndicho kikomo au ni zaidi, ingawa bodi bado ina nafasi. Hapa springi ngumu zina maana, lakini kikomo cha uzito kilichowekwa na kiwanda hakibadiliki. Ekseli, beringi, breki na chasisi ni zile zile.

Springi huchaguliwa kwa mzigo ambao gari hubeba siku zote, si kwa safari moja kubwa ya mwezi. Aliyefunga springi nzito kupita kiasi hujikuta na gari linalorukaruka likiwa tupu. Magurudumu ya nyuma hukosa mshiko wakati wa kufunga breki, na chasisi ya zamani huanza kupata nyufa.

Aina ya gari

Land Cruiser HZJ75 ina springi za majani mbele na nyuma, hivyo ni rahisi kubadilisha. HZJ79, iliyoanza mwaka 1999, ina koili mbele na majani nyuma. Nissan Hardbody D21 ya magurudumu manne hutumia tosheni baa mbele. Mafundi wengi huinua tosheni baa kwa kukaza bolti yake. Njia hiyo ni rahisi, lakini haiongezi nguvu ya springi, na ikizidi inchi 1 hivi hula bol jointi na jointi za ekseli.

Njia nyingine za mkato ni shakeli ndefu na vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Vipande hivyo visiwekwe kamwe mbele, na nyuma visipangwe viwili viwili. Shakeli ndefu mbele hubadili pembe ya ekseli, na usukani huacha kurudi wenyewe katikati.

Siku ya kufunga

Kazi huanza kwa ukaguzi wa chasisi. Yenye kutu nene au nyufa karibu na mabano ya springi itengenezwe kwanza, la sivyo fedha inapotea. Yu-bolti za zamani hazirudishwi. Shokapu ziwe ndefu kulingana na kimo kipya, na mipira ya breki iangaliwe isivutike ekseli inaposhuka.

Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi hujipinda na kukatika mapema. Yu-bolti zikazwe tena baada ya kilomita 500, kisha gari lipelekwe kwenye alaimenti.

Liko jambo linalosahaulika mara nyingi. Pikapu kadhaa za Kijapani, zikiwemo Hilux nyingi, zina valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Hupima mzigo kwa jinsi bodi ilivyoshuka. Gari likiinuliwa bila kurekebisha fimbo hiyo, valvu hudhani gari ni tupu hata likiwa na tani 1, na breki za nyuma hupungua nguvu. Kampuni ya bima nayo ijulishwe mabadiliko mapema, isije ikayatumia kukataa madai baada ya ajali.

Hesabu ya mwisho

Mwenye gari ajumlishe springi, shokapu, bushi, matairi, ufundi na siku za kukaa gereji. Kisha ahesabu safari ambazo masika humnyima, pamoja na faida inayobaki kwa kila safari baada ya mafuta. Kwa mfano tu, ikiwa gharama yote ni shilingi 2,400,000 na safari moja huacha 40,000, zinahitajika safari 60 zilizookolewa. Anayepoteza safari 6 kila masika atangoje miaka 10, na pikapu ya zamani huenda isifike huko. Anayepoteza 30 atarudisha fedha yake kwa masika mawili.

Kwa wengi walio katikati ya hao wawili, mpango wenye nafuu ni kuanza na springi na bushi mpya za kimo cha kiwandani pamoja na matairi mazuri ya matope ya saizi ile ile. Masika moja ikipita, daftari la safari litaonyesha kama inchi 2 zinahitajika.