Kupoza Oili ya Injini

Sugua viganja vyako kwa nguvu huku ukihesabu mpaka 20. Kisha viweke shavuni. Wasikia nini? Bila shaka wasikia joto. Umekwisha jifunza kuwa vitu viwili vinaposuguana hutoa joto. Sasa tia matone machache ya mafuta ya nazi viganjani, usugue tena. Safari hii viganja vinateleza, wala havipati joto kama mara ya kwanza. Mafuta yamepunguza msuguano.

Injini ya gari ina vyuma vingi vinavyosuguana. Ndiyo maana hutiwa mafuta mazito yaitwayo oili. Katika somo hili tutajifunza jinsi oili inavyoilinda injini, kwa nini hupata joto kali gari linapovuta mzigo, na jinsi mafundi wanavyoipoza.

Gari dogo lenye tela

Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, kuna kijiji kiitwacho Ruaha Mbuyuni. Kijiji hiki kiko bondeni, mahali penye joto, na wakulima wake hulima vitunguu vingi. Kutoka hapo barabara huelekea Mlima Kitonga. Hupanda kwa kuzungukazunguka ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde. Mbele zaidi ndipo ulipo mji wa Iringa, kiasi cha meta 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Tuseme mkulima mmoja ana gari dogo lenye umbo la jipu. Gari hilo lina uzito wa kilo 1,200. Nyuma amefunga tela lenye uzito wa kilo 200, na ndani ya tela amepakia magunia 5 ya vitunguu, kila gunia kilo 100. Hebu tufanye hesabu:

Gari: kilo 1,200
Tela: kilo 200
Vitunguu: kilo 500
Jumla: kilo 1,900

Injini iliyozoea kupandisha kilo 1,200 sasa yapandisha kilo 1,900. Dereva hutia gia ndogo na kukanyaga mafuta. Injini hunguruma, lakini gari huenda polepole. Baada ya kitambo, mkono wa kipimo cha joto huanza kupanda. Je, joto hilo latoka wapi?

Joto la injini hutoka wapi?

Joto la injini hutoka mahali pawili.

Kwanza, hutoka katika petroli au dizeli inayoungua ndani ya silinda. Nishati ya mafuta hayo haigeuki yote kuwa mwendo. Katika injini ya petroli, sehemu iliyo kati ya robo na theluthi tu ndiyo inayolisukuma gari. Nishati iliyobaki hutoka kama joto, sehemu yake kubwa pamoja na moshi na nyingine kupitia vyuma vya injini. Gari likivuta mzigo mzito huchoma mafuta mengi zaidi, kwa hiyo joto nalo huongezeka.

Pili, hutoka katika msuguano. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ni sawa na mara 50 kwa kila sekunde. Maana yake ni kwamba, kabla hujamaliza kutamka jina lako, kila pistoni imekwisha panda na kushuka mara 50. Kwa kasi hiyo, vyuma vikavu vingeharibika upesi sana.

Gari lenye mzigo mlimani lina taabu nyingine. Likikimbia katika tambarare, upepo mwingi hupita mbele na chini yake, nao huchukua joto. Likipanda mlima polepole, upepo ni mdogo. Basi joto linalotengenezwa ni jingi, na upepo wa kuliondoa ni haba. Hapo ndipo hatari huanza.

Kazi za oili

Injini nyingi za magari hupozwa kwa maji yanayozunguka kati ya injini na rejeta. Lakini maji hayafiki kila mahali. Hupita katika njia zilizotengwa pembeni mwa silinda, wala hayaruhusiwi kugusa pistoni au mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Huko hufika oili.

Oili hukaa katika bakuli la chuma lililo chini ya injini. Pampu huinyonya kutoka katika bakuli hilo na kuipitisha katika chujio, kisha huisukuma katika njia nyembamba mpaka kwenye vyuma vinavyosuguana. Baada ya hapo oili hudondoka na kurudi katika bakuli. Safari hii haikomi wakati wote injini inapofanya kazi.

Katika safari hiyo oili hufanya kazi nne:

1. Hutanda katikati ya vyuma ili visigusane.
2. Huchukua joto kutoka mahali ambapo maji hayafiki.
3. Huchukua uchafu na kuupeleka kwenye chujio.
4. Huzuia vyuma visishikwe na kutu.

Injini ikifanya kazi ya kawaida, oili yake huwa na joto la kiasi cha nyuzi 90 hadi 110 za Sentigredi. Hali hiyo ni njema. Oili nyingi za kawaida zikipita nyuzi 130 na kubaki hapo kwa muda, huanza kuharibika upesi. Ili uelewe jambo moja linalotokea oili inapopata joto, fanya jaribio hili.

Jaribio la 1: Mafuta baridi na mafuta yenye joto

Vifaa: Kopo tupu, msumari mwembamba, mafuta ya kupikia, kikombe, bakuli, chupa, maji ya vuguvugu na saa.

Njia:
(a) Toboa tundu dogo chini ya kopo kwa msumari.
(b) Ziba tundu kwa kidole, kisha mimina nusu kikombe cha mafuta baridi katika kopo.
(c) Shikilia kopo juu ya bakuli. Ondoa kidole, nawe utazame saa mpaka mafuta yaishe. Andika muda huo.
(d) Tia mafuta hayo katika chupa, na uisimamishe chupa katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15.
(e) Rudia jaribio kwa mafuta hayo yaliyopata joto.

Umeona nini? Mafuta yenye joto yamepita tunduni upesi zaidi. Hii ni kwa sababu mafuta yakipata joto huwa mepesi.

Ndivyo ilivyo kwa oili ya injini. Ikizidi kupata joto huwa nyepesi mno, nayo hushindwa kuvitenga vyuma. Vyuma vikigusana, msuguano huongezeka, na msuguano huo huleta joto jingine. Mwisho wake vyuma hushikana, injini ikakwama.

Injini ikikwama katikati ya Kitonga, hasara si ya injini peke yake. Katika magari mengi, injini ndiyo inayomsaidia dereva kukanyaga breki. Ikizimika, kanyagio la breki huwa gumu, naye ana tela lenye kilo 700 linalomvuta nyuma. Hata akisimama salama, vitunguu alivyovihudumia kwa miezi kadhaa vitabaki juani. Kwa sababu hiyo, joto la oili ni lazima litafutiwe njia ya kutokea.

Kipoza-oili

Hatuwezi kuliangamiza joto. Twaweza tu kulihamisha kutoka mahali pamoja kwenda mahali pengine. Chombo cha kulihamisha joto la oili na kulipeleka hewani huitwa kipoza-oili.

Kipoza-oili hufanana na rejeta ndogo. Kina mirija myembamba ya kupitisha oili. Kati ya mirija hiyo kuna vipande vyembamba vingi vya bati la alumini, vilivyopangwa kama mapezi ya samaki. Kwa nini kina mapezi mengi hivyo? Fanya jaribio la pili.

Jaribio la 2: Chai katika kikombe na chai katika sahani

Vifaa: Kikombe, sahani pana na chai ya moto.

Njia: Mwalimu atamimina chai ya moto kwa kiasi kilicho sawa katika kikombe na katika sahani. Subirini dakika 5, kisha onjeni chai kwa vijiko. Ni ipi iliyopoa zaidi?

Chai ya sahani imepoa zaidi, kwa sababu imetandazwa na imepata nafasi kubwa ya kukutana na hewa. Watu wazima wanaomimina chai ya moto katika kisahani huitumia sayansi hii kila asubuhi. Wakiipuliza, hupoa upesi zaidi, kwa kuwa pumzi huiondoa hewa yenye joto na kuleta nyingine.

Mapezi ya kipoza-oili hufanya kazi ya kisahani. Upepo wa safari, pamoja na ule wa feni ya rejeta, hufanya kazi ya pumzi.

Jinsi fundi anavyofunga kipoza-oili

Magari mengine hutoka kiwandani yakiwa na kipoza-oili. Kwa gari lisilo nacho, fundi hufuata hatua hizi:

1. Hupima kwanza joto la oili wakati gari linapovuta mzigo. Kama joto halizidi kiasi, kipoza-oili hakihitajiki.
2. Hufungua chujio la oili na kuweka bamba maalumu kati ya chujio na injini. Bamba hilo lina matundu mawili, moja la kutoa oili, la pili la kuirudisha.
3. Hufunga kipoza-oili mbele ya rejeta, mahali penye upepo.
4. Huunganisha bamba na kipoza-oili kwa mabomba mawili imara, yanayostahimili joto na msukumo wa oili. Huyaweka mbali na bomba la moshi na feni, yasije yakaungua au kukatika.
5. Huongeza oili, kwa sababu sasa kuna mabomba na mirija ya kujaza.
6. Huwasha injini na kukagua kila kiungo. Tone moja linalovuja leo laweza kuwa bakuli tupu kesho.

Bamba zuri huwa na themostati ndani yake. Hiki ni kilango kinachofunguka chenyewe oili inapofikia kiasi cha nyuzi 80. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kilango huizuia oili nyingi isiende kwenye kipoza-oili ili ipate joto upesi. Kumbuka kuwa oili baridi mno nayo si njema. Huwa nzito, hupita polepole katika njia nyembamba, na unyevu ulioingia ndani yake haukauki.

Mambo ambayo kipoza-oili hakiwezi kuyafanya

Tuseme yule mkulima amekwisha fungiwa kipoza-oili. Anafurahi, na kuuliza:

"Fundi, sasa naweza kuongeza magunia mengine matano?"

"La, mzee wangu," fundi anajibu. "Nimekupozea oili tu. Breki zako ni zile zile, na springi ni zile zile. Soma kitabu cha gari lako uone uzito unaoruhusiwa kuvutwa. Usiupite huo."

Jibu la fundi ni la busara. Kipoza-oili husaidia injini kuubeba mzigo wake wa halali, lakini hakigeuzi gari dogo kuwa lori. Tena hakiponyi injini yenye rejeta iliyoziba au oili iliyochakaa.

Dereva mwangalifu hukagua oili na maji kabla ya safari. Husafisha vumbi na majani yaliyonasa katika mapezi. Mlimani hutumia gia ndogo na kutazama kipimo cha joto. Joto likipanda mno, hutafuta mahali salama, akasimama na kungoja. Hafungui kifuniko cha rejeta yenye moto, kwani maji yaliyobanwa ndani huruka kwa nguvu na kumwunguza.

Mambo ya kukumbuka

- Kuungua kwa mafuta na msuguano huleta joto katika injini.
- Oili hupunguza msuguano na kuchukua joto.
- Oili ikipata joto mno huwa nyepesi, nayo hushindwa kuvilinda vyuma.
- Kipoza-oili hulitoa joto la oili na kulipeleka hewani.
- Kipoza-oili hakiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kuvuta.

Mazoezi

1. Taja kazi nne za oili katika injini.
2. Kwa nini injini hupata joto zaidi gari linapopanda mlima polepole likiwa na tela?
3. Injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Ni mara ngapi kwa sekunde moja?
4. Eleza kwa nini kipoza-oili kina mapezi mengi.
5. Themostati hufanya kazi gani injini ikiwa baridi?
6. Gari moja linaruhusiwa kuvuta kilo 750. Tela lina kilo 250. Laweza kubeba magunia mangapi ya kilo 100?
7. Mtembelee fundi wa magari ulio naye karibu ukiwa na mwalimu wako. Mwombe awaonyeshe oili mpya na oili iliyotumika. Andika tofauti unazoziona.