Karata inasema "pumzika": Je, mkulima wa Nachingwea na Ruangwa ana nafasi ya kutulia?

Kama unatumia TikTok, huenda umeshakutana naye. Dada mmoja mbele ya mshumaa anachanganya karata kubwa zenye picha, anachomoa moja, halafu anakwambia: "Kama video hii imekufikia, ujumbe ni wako."

Mimi ilinifikia nikiwa kwenye basi kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa, msimu wa kupuliza mikorosho ukiwa unaishia. Karata ilionyesha mtu amelala chali, viganja vimekutana kifuani kama anayeomba. Dada akasema karata hiyo inakutaka upumzike.

Mama aliyekaa pembeni yangu akachungulia simu.

"Mwanangu, huyo kafa?"

"Hapana mama, amepumzika."

"Aa. Ana bahati."

Nikazima simu, lakini jibu lake sikuweza kulizima.

Karata hizi ni nini hasa?

Zinaitwa taroti. Ziko 78, na zilianzia Italia katika karne ya 15 kama mchezo wa kawaida tu, watu wanacheza kama sisi tunavyocheza arubastini. Habari za kutabiria zilikuja baadaye sana, Ufaransa, karne ya 18. Picha unazoziona leo mitandaoni nyingi zinatokana na seti iliyotolewa London mwaka 1909, iliyochorwa na msanii Pamela Colman Smith.

Kwetu jambo lenyewe si geni. Tuna ramli, neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya mchanga, kwa sababu mpigaji alichora alama zake mchangani. Tofauti ni kwamba ramli ya kwetu imebeba historia nzito. Januari 2015, baada ya matukio ya kutekwa na kuuawa kwa watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Waziri wa Mambo ya Ndani aliyetangaza alikuwa Mathias Chikawe, ambaye wakati huo ndiye alikuwa mbunge wa Nachingwea.

Kwa hiyo niseme mapema: karata haijui kesho yako. Wanaozipenda, wengi wao, wanazitumia kama kioo. Unaitazama picha, unajiuliza swali ambalo ulikuwa unalikwepa.

Panga ukutani

Karata ya yule aliyelala inaitwa Panga Nne. Mkulima haihitaji mkalimani: panga tatu zimetundikwa ukutani, moja iko chini yake, na mwenyewe amelala. Vita haijaisha, ila leo hapigani.

Ipo na ndugu yake, namba 12, Mtu Aliyening'inizwa. Huyu amefungwa mguu mmoja, kichwa chini, lakini uso wake umetulia kabisa. Wasomaji wa taroti wanasema ndiyo karata ya kusubiri: usifanye kitu kwanza, angalia mambo kwa upande mwingine.

Kusubiri. Ukiwa Nachingwea, neno hilo lina stori yake.

Waingereza waliokosa subira

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ikatuma timu ya wataalamu kuangalia kama karanga zinaweza kulimwa huku kwa wingi. Timu ilizunguka kwa wiki tisa tu, sehemu kubwa kwa ndege. Mpango uliotoka hapo ulikuwa wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kwa Tanganyika zilichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Kazi ikaanza 1947 kwa pupa. Matrekta yaliyochakaa kwenye vita, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba, vililetwa kung'oa msitu. Kongwa mvua ikagoma na udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji. Huku kusini ikajengwa reli mpaka Nachingwea na bandari Mtwara, kabla hata ya kujua karanga za kubeba zitakuwa kiasi gani.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango huo. Hasara: takriban pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wakulima wa hapa walikuwa na utaratibu wao wa zamani wa kuliacha shamba lipumzike miaka kadhaa, lirudi kuwa pori, ndipo walirudie. Nchi ikiwa bado na nafasi, hiyo ilikuwa njia ya kurudisha rutuba bila mbolea. Kumwona mtu ameacha shamba halilimwi na kumwita mvivu ni rahisi. Wazee walikuwa wanajua wanachofanya.

Lakini anayesubiri anakula nini?

Hapa ndipo mimi na dada wa TikTok tunaachana.

Korosho inauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Unaokota, unakausha, unapeleka AMCOS, mzigo unaenda ghala kuu, kisha mnadani. Kwa wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale minada inasimamiwa na chama kikuu cha RUNALI. Hela inaingia baadaye. Yaani mfumo mzima unamtaka mkulima atulie.

Na kuna njia ya asiyeweza kutulia: kangomba. Mnunuzi anakufuata kijijini na hela taslimu, anapima kwa bakuli, bei yake ya chini. Wengine wanakopesha miezi kabla, korosho ikiwa bado ua. Serikali inaikataza kila mwaka na kila mwaka inarudi.

Mjomba wangu wa Ruangwa aliwahi kunielezea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza kwa nini aliuza kangomba wakati bei ya mnada ilikuwa nzuri kuliko ile. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza kwa nini watu wanakula.

"Mdogo wako alikuwa anaenda sekondari. Shule inasubiri mnada?"

Hata aliyesubiri hana uhakika. Novemba 2018, baada ya wakulima kugomea bei ndogo, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Bei ilikuwa nzuri. Ila uhakiki wa wakulima ulichukua muda na kuna waliokaa miezi bila malipo. Walitulia sana, ila si kwa kupenda.

Ndiyo maana naona kutulia ni suala la akiba kabla halijawa suala la roho. Mwenye debe mbili za mahindi ndani anaweza kuwa Mtu Aliyening'inizwa mwenye uso mtulivu. Asiye nazo ananing'inia tu.

Mwili haujui mnada

Mwili nao una hesabu zake. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40.

Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inamlinda mwajiriwa: saa zisizozidi 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayepuliza salfa shambani kwake alfajiri kabla upepo haujaamka hana mwajiri wa kumdai likizo. Bodaboda wa stendi hana. Na mwanamke anayetoka shamba akapitia kisimani, akafika akawasha moto, huyo siku yake sijui nianze kuihesabia wapi.

Kama kuna kitu cha kuchukua kwenye ile karata, nadhani ni kidogo na cha bure: nusu saa chini ya mwembe mchana, jua likiwa kali, bila mtu kukuuliza mbona umekaa. Wanaume vijijini wanayo hiyo nusu saa, na bao juu yake. Sijaona mama akicheza bao.

Yule wa kwenye basi alishuka kabla hatujafika Ruangwa mjini. Wakati konda anamshushia mzigo, aliniuliza kama dada wa karata anatabiri pia bei ya korosho. Nikamwambia hapana, mama. Akacheka, akajitwika kiroba, akashika njia ya shambani.